Kanuni ya Nne na Kanuni ya Saba

Dzaleka, Jumatatu 6 Januari 2014

Leo nimebandika kanuni zangu. Karatasi ya manila ya manjano, herufi kubwa, mistari nimeipiga kwa rula. Ziko saba. Wanafunzi wangu wa Form Three, sabini na wawili, wamezisoma kwa Kiingereza kwa sauti moja kama wanasali rozari, na mimi nimesimama mbele mikono nyuma nikijiona kitu.

Hapa ninaziandika kwa Kiswahili, maana daftari hili ni la Kiswahili. Kiingereza ni cha darasani. Kifaransa nilikiacha Bukavu pamoja na shule niliyofundisha miaka kumi na moja. Kiswahili njo kimebaki cha kusema na mimi mwenyewe.

Ukivuka mlango, ni Kiingereza tu. Ukichelewa, unasimama nyuma. Hakuna kujibu bila kunyoosha mkono. Ya nne ninaipenda sana: aliyekosa shule alete barua ya mzazi, kwa Kiingereza, yenye saini. Ya tano na ya sita ni za madaftari na usafi, hakuna asiyezijua. Ya saba nimeiongeza mwaka huu: shida za nyumbani zibaki nyumbani. Mwaka jana kila asubuhi kulikuwa na wa kulia. Huyu unga umeisha, yule baba ameondoka, na saa ya somo imekwisha hivyo. Nani katika kambi hii ya wakimbizi hana shida? Mi mwenyewe ninazo, na silii mbele ya watu.

Mwalimu mkuu, Bwana Mphande, Mmalawi mpole anayetembea na muhuri mfukoni, ameongeza ya kwake. Siku kumi za kukosa bila barua, jina linafutwa, nafasi anapewa mwingine. Kuna watoto sitini nje wanaongoja nafasi. Hapo hakuna mchezo.

Jumatano 8 Januari

Mvua. Bati za darasa letu zinapiga kelele mpaka hata mimi sijisikii nikisema. Tumefanya kama kawaida ya masika: ninaandika ubaoni, wanajibu kwenye daftari, tunaonyeshana vidole. Saa mbili nzima hakuna aliyefungua mdomo. Kusema kweli, nilipumzika.

Jumanne 14 Januari

Barua za kwanza, kumi na moja. Sote tunajua hawa wazazi Kiingereza hawakijui. Mtoto anaandika, mama anaweka saini, mwalimu anajifanya haoni. Ila mi nimepata ujanja: barua ninazisahihisha kama insha. Kalamu nyekundu, maksi juu ya kumi, ninarudisha. Wasipojifunza darasani, watajifunza wakiugua.

Aristote, anayefundisha hesabu, amecheka mpaka akashika ukuta.

"Régine, weye unasahihisha ata malaria ya bantu!"

"Malaria yao iko na makosa mengi," nimemjibu.

Kati ya hizo kumi na moja kuna ya Epiphanie Nibigira, Mrundi, miaka kumi na saba, mstari wa tatu karibu na dirisha. Msichana asiyenyoosha mkono hata umpige fimbo. Mama yake, Bukeyeneza, alikuwa mgonjwa jana Jumatatu, kwa hiyo mtoto alibaki nyumbani. Nne juu ya kumi.

Ijumaa 17 Januari

Epiphanie tena. Jana Alhamisi hakufika. Barua, saini ya Bukeyeneza, tano juu ya kumi. Anajitahidi.

Jumapili 26 Januari

Simu ya Olga haikulia. Jumapili ya nne sasa. Dada yangu alipopanda ndege ya Canada, mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, alilia akisema atapiga kila Jumapili baada ya misa, na miezi mingi alipiga kweli. Sasa ana kazi, ana baridi, ana watu wake wapya. Simlaumu. Uongo: ninamlaumu sana.

Nimepika tena kwenye sufuria kubwa. Mkono wangu hautaki kujua kwamba ninakula peke yangu. Sombe, kisamvu chetu, imebaki, kesho sombe, keshokutwa sombe.

Ijumaa 31 Januari

Siku tatu nimelala na malaria. Maji yaliisha Jumanne jioni, na tanki la kutekea liko hatua mia mbili tu, lakini ilikuwa mbali kama Bukavu. Nilisikia watu wakipita nje, wakisalimiana, mmoja akicheka. Hakuna aliyegonga. Kwa nini wagonge? Mi ninajulikana kama Madame asiyependa kusumbuliwa. Nimeitafuta hiyo sifa mwenyewe, miaka minne, na nimeipata.

Leo nimerudi darasani. Wote wamesimama, "Good morning, Madam," wamekaa. Bwana Mphande amesema zikomo, asante ya kwao, kwa kurudi na kunipa rundo la mitihani.

Wakati wa kutoka, Epiphanie amebaki mlangoni. Kwa Kiingereza chake cha polepole ameniuliza: Madam, ulipokuwa unaumwa, nani alikuwa anakuletea maji?

Sijui kilichonipata. Nimenyoosha kidole ukutani.

"Kanuni ya saba, Epiphanie."

Ameitazama manila, akanitazama mimi, akainama kidogo vile Warundi wanavyofanya kwa heshima, akaondoka. Barua yake ya jana alikuwa ameshaiweka mezani. Sita juu ya kumi.

Ijumaa 7 Februari

Barua ya nane ya Epiphanie. Jumatatu na Alhamisi, kila wiki, kama saa. Mama yake huyu anaugua kwa ratiba. Lakini Kiingereza kinapanda: saba juu ya kumi. Ninakiri ninazingoja hizo barua.

Jumapili 9 Februari

Hapana simu. Mvua.

Jumanne 11 Februari

Leo nimefurahi. Barua ya tisa ya Epiphanie ni ukurasa mzima, mwandiko safi, makosa matatu tu katika mistari ishirini na moja! Katika rundo la barua na insha themanini nilizosahihisha tangu jana, hiyo peke yake ilinipa raha. Mambo ya mama, ya safari, ya wadogo zake, mambo ya nyumbani kama barua zote, lakini sentensi zinasimama wima. Tisa juu ya kumi. Sijawahi kumpa mtu tisa.

Nimeibandika ukutani, chini kabisa ya kanuni, ili wengine waone barua inaandikwaje. Kisha nikaenda kuchukua chaki.

Niliporudi walikuwa wamejikusanya pale mbele. Wakarudi kwenye madawati bila kusukumana. Charlène, ambaye husema hata nikisoma imla, alikuwa amefunga mdomo. Nikafikiri: ona, mfano mzuri unafanya kazi. Epiphanie alikuwa akitazama ukuta. Baada ya mapumziko hakurudi.

Ijumaa 14 Februari

Siku ya tatu Epiphanie hayupo, wala barua hakuna. Darasa limekuwa la ajabu. Wananijibu, wanaandika, lakini hakuna anayenitania. Nimesema neno la kuchekesha, na ninajua lilikuwa la kuchekesha. Watu sabini na mmoja wamenitazama tu.

Jumatatu 17 Februari

Hayupo.

Jumanne 18 Februari

Hayupo. Nimempoteza bure, nikimpandisha maksi yeye anapanda kichwa. Ndivyo walivyo, ukimsifu mtu anakuona mjinga.

Alhamisi 20 Februari

Bwana Mphande amepita na daftari la mahudhurio. Nibigira, siku saba. Jumanne ijayo inatimia kumi, na kijana wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja ameshaambiwa akae tayari. Nimesema ni sawa, kanuni ni kanuni. Aristote alikuwa karibu. Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu akaondoka na vitabu vyake. Siku hizi hata Aristote!

Jumatatu 24 Februari

Ninaandika haraka, basi itasomeka itakavyosomeka.

Asubuhi mvua ilikuja na upepo. Bati moja likainuka juu ya ukuta wa mbele na maji yakaanza kushuka kwenye manila. Kelele ilikuwa ile ile, hakuna kusikilizana. Nimewaonyesha kwa mkono waendelee kuandika, nikapanda kwenye kiti kunusuru karatasi zangu. Manila ilikuwa imeshalowa, wino unatiririka. Barua ya Epiphanie ilikuwa kavu bado. Nimeishika mkononi, nimesimama juu ya kiti, kalamu sina, mkono wa pili umeshika ukuta. Nikaisoma.

Kwa Kiswahili ilisema hivi:

*"Madam, barua hii ingekuwa ya mama lakini ni yangu. Barua zote ni zangu, na saini zote. Mama aliondoka tarehe 9 Januari kwenda kufua nguo Area 47, mjini Lilongwe, na hakurudi. Siku zake za kufua zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo siku hizo ninaenda kumngoja kwenye geti lile. Mlinzi ananiambia hayupo. Nyumbani yuko Liliane, miaka tisa, na Niyokwizera, miaka sita. Wanafikiri mama anaumwa hospitali. Ninajua kanuni ya saba na sitasema kitu darasani. Naomba usiwasomee wengine. Kama una nafasi, niandikie chini hapa nifanye nini. Samahani kwa makosa."*

Na chini hapo, mahali alipoacha nafasi ya jibu langu, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu: umeendelea vizuri sana, angalia matumizi ya mkato.

Mungu wangu. Naomba usiwasomee wengine. Mi niliipiga misumari ukutani.

Nimeshuka kwenye kiti. Watoto wote walikuwa wameacha kuandika. Wananitazama. Walijua tangu siku ile, wote, na walidhani nami najua. Walidhani niliisoma, nikaelewa, nikaibandika hivyo hivyo. Siku kumi na tatu wamekuwa wakifundishwa na mtu wa namna hiyo.

Nimejaribu kusema. Mvua imemeza sauti. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: SIKUISOMA. NILITAFUTA MAKOSA TU. Nimeandika kwa Kiswahili, na hakuna aliyenionyesha kanuni ya kwanza. Charlène akaanza kulia, nami nikalia, mbele ya watu, na kanuni ya saba imeanguka sakafuni, imelowa.

Sasa ninajua kwa nini, na haisaidii kitu. Kiingereza changu nimekiokota ukubwani, kwenye vitabu, usiku na mchana, nikiogopa kwamba siku moja Mmalawi yeyote atanisimamisha mbele ya darasa na kuniumbua. Kwa hiyo nikiona Kiingereza ninawinda kosa. Watu hawaonekani humo.

Baada ya shule nimekwenda hadi nyumba yao, upande wa Warundi. Mlango umefungwa kwa kamba. Jirani, Mama Jeannette, alikuwa anapembua maharage kibarazani. Alinitazama miguu mpaka kichwa.

"Weye njo ile Madame ya barua?"

"Njo mimi."

"Ule mutoto alikuwa anatoka kwako anasema, nitamuandikia Madame yote, Madame atajibu. Kila siku, Madame atajibu. Siku ingine akakuja anakimbia, akabeba badogo zake, banaenda Kauma, kule Lilongwe. Kule kuko Dévote, mwenye kuuza nyanya, alikuwa anajuana na mama yao."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini?" amesema Mama Jeannette. "Si ulikuwa na barua?"

Jumanne 25 Februari

Siku ya kumi. Kabla ya kengele nimekwenda ofisini kwa Bwana Mphande na barua. Kiingereza changu mwenyewe, sikukirudia kusafisha: Epiphanie Nibigira amekosa shule kwa sababu za nyumbani zinazojulikana kwangu. Saini: Régine, mlezi.

Ameisoma pole pole. Nilikuwa nikimwona akipita juu ya makosa, na mara ya kwanza katika maisha yangu sikujali.

"Mlezi?" ameniuliza. "Tangu lini, Madam?"

"Tangu leo asubuhi."

Ametoa muhuri mfukoni, akaupulizia, akagonga. Kisha akasema jambo la haki: kijana anayengoja naye ana mama. Nimlete mtoto Jumatatu tarehe tatu, la sivyo nafasi inakwenda. Nimesema zikomo, na nilimaanisha.

Nimeomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Wamenipa ya Alhamisi, siku moja.

Alhamisi 27 Februari

Lilongwe. Nimetumwa na nani? Na hatia yangu tu.

Kwanza nimekwenda Area 47, kwenye lile geti. Mlinzi amechoka na swali hilo kabla sijalimaliza. Yule mama wa Kirundi? Aliondoka mwezi wa kwanza na watu waliokuwa wanatafuta lori la kwenda kusini. Wengine wanasema Johannesburg. Alimwachia salamu binti yake? Hapana. Aliacha kanga ya kazi kwenye msumari, binti ameshaichukua.

Kisha kabaza, baiskeli ya kukodi, hadi Kauma. Dévote nimempata nyuma ya nyanya zake, na nyuma yake chumba kimoja, na katika chumba watoto watatu. Epiphanie alikuwa anakoroga nsima, ugali wa huku, ile kanga kiunoni. Aliponiona alisimama wima kama darasani.

"Good morning, Madam."

"Kaa, mwanangu. Sema lugha unayotaka."

Hakukaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na yote yakatoroka.

"Sikuisoma," nimesema. "Niliiona yote, nikaweka alama, na sikuisoma. Unisamehe."

Wadogo walikuwa wananikodolea macho.

"Madame, mi nilifikiri vile," amesema. "Kanuni ya saba ilikataza kusema. Ya nne ikasema tuandike. Nikaona, aah, Madame anataka tumwambie hivi, kimya kimya, bengine basisikie. Njo maana nikaandika. Barua mingi za uongo, juu niliogopa. Halafu ya kweli."

Nilitunga kanuni saba na mtoto huyu akaona ndani yake huruma ambayo sikuiweka.

Nimekula nao. Nsima na nyanya za Dévote zilizopasuka. Nimeosha sahani, Niyokwizera akazifuta kwa gauni lake. Nimemwambia Epiphanie habari ya Jumatatu, ya Bwana Mphande, ya kijana anayengoja. Nimemwambia nina nyumba, vyumba viwili, na sufuria kubwa kupita kiasi.

"Nani anakaa na weye?" ameuliza Liliane, yule wa miaka tisa.

"Hakuna mtu."

"Ata mmoja?"

"Ata mmoja."

Liliane amemtazama dada yake kama aliyesikia msiba.

Lakini Epiphanie amekataa. "Leo ni Alhamisi, Madame. Jioni ninaendaka kwenye geti." Nimemwambia alichosema mlinzi. Ameshakijua, amekijua wiki nyingi. Anakwenda tu. Sikumvuta mkono. Ruhusa yangu ilikuwa inaisha saa kumi na moja na nimerudi peke yangu.

Ijumaa 28 Februari

Darasani nimewaambia wote kwa mdomo nilikokuwa jana. Manila sikuibandika tena. Charlène ameuliza kama kanuni zimekwisha. Nimesema tutazitunga upya na wao, ila ya nne itabaki.

Jumapili 2 Machi

Simu imelia! Olga. Ameongea dakika nne, theluji, zamu, mgongo. Nikamwambia, "Olga, mi niko peke yangu sana huku." Sijawahi kumwambia. Akasema, "Ulikuwaka unasema uko bien." Kweli, nilikuwa ninasema hivyo, niko vizuri.

Nimefagia chumba cha pili. Nimengoja mpaka jua likazama. Hakuna aliyekuja.

Jumatatu 3 Machi

Nimeingia darasani bila kutazama mstari wa tatu. Nimeweka mkoba, nimefungua daftari la mahudhurio, na juu ya meza kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndipo nilipoinua macho. Alikuwa karibu na dirisha, viatu vina matope mekundu hadi kifundoni. Wamekuja na alfajiri, watatu, wadogo ameshawaacha kwa Mama Jeannette mpaka jioni, halafu kwangu. Haya yote nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona tu mtu amekaa mahali pake.

Nimefungua karatasi. Ni Kiingereza. Kwa Kiswahili ni hivi:

*"Bwana Mwalimu Mkuu, tafadhali msamehe Madame Régine kwa kukosa shule Alhamisi tarehe 27 Februari. Alikuja Kauma kuwaona watoto watatu. Alikula na sisi na akaosha sahani. Nyumbani kwake hakuna mtu wa kumwandikia barua, kwa hiyo ninaandika mimi. Mlezi wake, Epiphanie Nibigira."*

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nimeifunika, nimeisoma barua tena tangu mwanzo. Darasa lote lilikuwa linangoja.

"Nimeisoma," nimesema.

Wakati wa mapumziko nimeipeleka kwa Bwana Mphande, maana kanuni ni kanuni. Ameisoma amesimama, akatoa muhuri, akaupulizia, akagonga. Akaniuliza huyu mlezi wangu ana miaka mingapi. Nimemwambia kumi na saba.